Kufufua shokapu ya nyuma kwenye pikipiki ya zamani ya lami na vumbi

Pikipiki ya lami na vumbi iliyokula miaka mingi hukuambia yenyewe kwamba nyuma kumechoka. Ukiipakia mizigo inakaa chini kama kuku anayeatamia, na taa ya mbele inamulika matawi ya miti badala ya barabara. Ukiingia kwenye matuta mfululizo, tairi la nyuma linadunda kama mpira na siti inakurusha. Wengi hapo hapo hukimbilia kununua shokapu mpya. Nakusihi usubiri kidogo. Pikipiki nyingi nilizofungua zilikuwa na matatizo mawili tu: springi laini kuliko uzito inaoubeba, na linki (vile vyuma vinavyopeleka mwendo wa tairi kwenye shokapu) zilizokauka grisi. Shokapu mpya, hata iwe nzuri namna gani, ukiifunga juu ya linki zilizokufa itafanya kazi kama ile uliyoitoa.

Maelezo haya ni ya pikipiki zenye shokapu moja katikati inayosukumwa na linki, kama Kawasaki KLR650, Honda XR650L, Suzuki DR650 na wadogo zao. Kawasaki huuita mfumo huo Uni-Trak, Honda huuita Pro-Link. Kazi ni ileile: linki hufanya tairi lipande sana huku shokapu ikibonyea kidogo, na kadiri tairi linavyozidi kupanda ndivyo ugumu unavyoongezeka. Kama yako ina shokapu mbili pembeni, ruka sehemu ya linki. Vipimo vyote vingine vinakuhusu.

Hatua ya 1: Pima kabla hujashika spana

Usifungue nati hata moja kabla ya hatua hii. Unahitaji tepu ya kupimia, kipande cha utepe wa gundi na mtu wa kukusaidia. Bandika utepe kwenye bodi ya nyuma, wima juu ya ekseli, uweke alama. Vipimo vyote vitatu vitatoka katikati ya ekseli hadi kwenye alama hiyo.

Kipimo cha kwanza: inua pikipiki hadi tairi la nyuma lining'inie bila kugusa chini. Cha pili: ishushe, isimame wima kwa uzito wake yenyewe bila mtu. Cha tatu: kaa juu yake ukiwa umevaa kofia na viatu unavyoendeshea, na mizigo unayobeba siku zote ikiwa mahali pake. Usipime kwa fulana na kandambili halafu ukaenda safari na mabegi mawili.

Katika kipimo cha pili na cha tatu, mwambie msaidizi abonyeze nyuma kisha aiachie taratibu, mpime. Kisha ainyanyue kidogo aiachie taratibu, mpime tena. Chukua wastani. Tofauti ya milimita chache ni kawaida. Ikipita milimita 10, kuna kitu kinakwama, na mara nyingi ni beringi za linki. Umeshapata ugonjwa wa kwanza bila kufungua chochote.

Sasa hesabu. Tuseme tairi likining'inia umepata 600, pikipiki peke yake 578, na wewe ukiwa juu 507. Mshuko ni kiasi ambacho nyuma imekaa chini ukilinganisha na tairi likining'inia: wa pikipiki tupu ni milimita 22. Mshuko ukiwa umepanda ni 93. Kama tairi la nyuma lina safari ya milimita 230 kutoka juu hadi chini, mshuko wa 93 ni asilimia 40, na hiyo ni nyingi mno. Unatafuta kati ya asilimia 30 na 33 ya safari yote, yaani kama milimita 70 hadi 76 hapa. Tafuta safari ya pikipiki yako kwenye kitabu chake, usikope namba ya jirani. KLR650 za miaka ya kwanza zina milimita 230 nyuma, lakini za mwaka 2008 zilipunguzwa hadi 185. Jina lile lile, hesabu tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Jua kama springi inakufaa

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ile ringi iliyo juu ya springi, inayozungushwa ili kuibana, haiongezi ugumu wa springi. Inainua pikipiki tu. Springi laini ukiibana inabaki kuwa springi laini, ila sasa inaanzia juu zaidi. Turudi kwenye mfano wetu: ukikaza ringi hadi mshuko wako ushuke kutoka 93 kufika 72, umeinua nyuma kwa milimita 21. Basi na mshuko wa pikipiki tupu nao unapungua kwa 21, kutoka 22 hadi 1. Kwa macho kila kitu kimekaa sawa. Barabarani, tairi halina tena nafasi ya kushuka na kufuata shimo, kila ukitoka kwenye tuta, shokapu inafika mwisho wake wa juu na unasikia "ko!" chini ya siti.

Kwa hiyo kanuni ni hii. Weka kwanza mshuko wako ukiwa juu pale unapotakiwa, kisha shuka na utazame mshuko wa pikipiki tupu. Ukiwa karibu na sifuri, springi ni laini mno. Ukiwa mkubwa, tuseme 40, springi ni ngumu mno kwako. Ukiangukia kati ya 15 na 30, springi uliyo nayo inakufaa na pesa yako ibaki mfukoni. Wengi huona ajabu kwamba mshuko mdogo wa pikipiki tupu ni dalili ya springi laini. Isome tena polepole; ukiielewa hii, hutanunua springi kwa kubahatisha.

Ugumu mpya pia unaweza kuukadiria. Uzito wako na mizigo uliishusha nyuma kwa 93 kutoa 22, yaani milimita 71. Unataka uzito uleule uishushe kwa kama 52 tu, ili upate 72 ukiwa juu na 20 ikiwa tupu. Gawanya 71 kwa 52, unapata kama 1.37. Springi mpya iwe ngumu kuliko ya sasa kwa karibu asilimia 37. Linki hubadilisha uwiano kadiri tairi linavyopanda, kwa hiyo hayo ni makadirio, lakini yatakufikisha kwenye springi ya jirani kabisa.

Ugumu huandikwa kwa kilo kwa milimita, au niutoni kwa milimita, au ratili kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni sawa na niutoni 9.81 kwa milimita, au ratili 56 kwa inchi. Usidharau tofauti ndogo za unene wa waya, maana ugumu hufuata unene ukizidishwa wenyewe mara nne. Springi mbili zenye upana mmoja na mizunguko sawa, moja ya waya wa milimita 12 na nyingine ya 13, hutofautiana kwa karibu asilimia 38. Kwa jicho ni kama mapacha.

Hatua ya 3: Toa shokapu

Legeza bolti zote kubwa wakati matairi yote mawili bado yako chini. Ukianza kuvuta spana ndefu pikipiki ikiwa juu ya jeki, utaiangusha. Kisha inua kwa kuweka jeki chini ya fremu, si chini ya linki, na uifunge kamba mbele isiyumbe. Toa siti na bodi za pembeni. Kwenye baadhi ya pikipiki boksi la hewa huzuia bolti ya juu, na itabidi utoe bolti za juu za fremu ndogo ya nyuma, ulegeze za chini, kisha uilaze kwa nyuma.

Weka mbao chini ya tairi ili mkono wa nyuma (chuma kirefu kinachoshika tairi) usidondoke ghafla. Toa bolti za linki kwanza, bolti ya juu ya shokapu mwisho. Piga picha kila hatua, hasa upande ambao kichwa cha bolti kinatazama.

Bolti ya linki isipotoka, usiitwange. Imwagie mafuta ya kulainisha kutu, iache usiku kucha, kesho izungushe kwanza kwa spana ndipo uisukume. Nilishawahi kutwanga moja hadi mwisho wa uzi ukapanuka kama uyoga, na ikabidi kuikata kwa msumeno ndani ya nafasi isiyoingia hata ngumi. Siku nzima iliishia hapo.

Hatua ya 4: Linki na beringi zake

Hii ndiyo sehemu ninayoipa muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Linki hukaa chini kabisa, zinaoga matope na maji ya kuoshea yenye presha, na kwenye pikipiki nyingi hazina nipeli ya grisi.

Vuta bushi (bomba dogo la chuma lililo ndani ya beringi) kwa kidole. Ikitoka inang'aa, ina mafuta na ni laini pande zote, una bahati. Mara nyingi inatoka na unga mwekundu, na ukiishika kwenye mwanga unaona mistari midogo iliyochimbwa, sambamba kama meno ya kitana. Kila mstari ni sindano moja ya beringi iliyokuwa imesimama mahali pamoja ikigonga badala ya kuzunguka. Ukipitisha ukucha na ukakwama, bushi hiyo na beringi yake vimekwisha. Badilisha vyote pamoja na sili zake.

Fanya kazi juu ya sinia au kitambaa cheupe, kwa sababu beringi nyingine sindano zake hazina kizimba na humwagika zote. Zihesabu. Ikikosekana moja, zilizobaki hukaa upande.

Zilizo nzima zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe kabisa, kisha zijaze grisi isiyosombwa na maji. Paka pia kwenye bolti zenyewe na kwenye midomo ya sili. Beringi mpya ziingize kwa kuzikamua na vaisi, ukitumia soketi yenye upana unaolingana na ukingo wa nje wa beringi. Nyundo hukunja ganda lake jembamba. Kabla ya kutoa ya zamani, pima ilivyozama, maana mpya lazima iache nafasi ya sili.

Ukiwa hapo, tikisa mkono wa nyuma kulia na kushoto. Ukisikia mchezo, pivoti yake (pale unapojishikiza kwenye fremu) nayo inataka beringi.

Hatua ya 5: Badilisha springi

Hapa uwe makini. Ndani ya shokapu nyingi za aina hii kuna gesi ya naitrojeni yenye presha ya kama baa 10, na springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono. Usiipashe shokapu moto, usitoboe, usifungue vali ya gesi.

Safisha uzi kwa brashi ya waya, tia mafuta, legeza nati ya kufungia kisha ringi hadi mwisho. Pima kwanza urefu wa springi ikiwa imebanwa, uandike. Shokapu nyingine zikifika hapo springi inacheza na unaweza kutoa kizuizi cha chini kwa mkono. Zikikataa, tumia kifaa cha kubania springi chenye ndoano mbili, uzikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, na usiweke uso mbele yake.

Funga springi mpya, kaza ringi hadi iiguse, kisha ongeza milimita 8 hadi 10. Hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 6: Amua kuhusu mafuta ya ndani

Springi ngumu zaidi hurudi kwa nguvu zaidi, na mafuta ya ndani ndiyo yanayoizuia isikurushe. Kama shokapu imevuja, au ikiwa haina springi unaisukuma na fimbo inarudi bila kuhimili chochote, springi peke yake haitakuokoa. Mpelekee fundi mwenye mtungi wa naitrojeni abadilishe mafuta na sili, na umwambie ugumu wa springi mpya ili apange vali za kurudi. Kununua shokapu nzima kuna maana pale ambapo ya zamani haifunguki, au fimbo imeliwa na kutu.

Ukinunua, urefu wa jicho hadi jicho (kutoka tundu la bolti ya juu hadi la chini) uwe uleule wa zamani. Milimita 10 za ziada kwenye shokapu huweza kuwa karibu 30 kwenye tairi. Stendi ya pembeni inakuwa fupi na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi.

Hatua ya 7: Rudisha na upange

Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Za linki zikaze pikipiki ikiwa imesimama kwenye matairi yake. Rudia vipimo vya hatua ya 1 na uzungushe ringi hadi upate namba zako.

Kisha skrubu ya kurudi, ile inayopanga kasi ya shokapu kurudi juu. Ifunge hadi mwisho kwa upole ukihesabu mibofyo, urudi katikati. Bonyeza siti kwa nguvu uiachie: ipande mara moja na kutulia. Ikipita na kushuka tena, funga mibofyo miwili. Barabarani, ikikurusha, funga zaidi. Ikizama kidogo kidogo kwenye matuta mfululizo hadi iwe ngumu kama mti, umefunga mno.

Nyuma ikipanda, cheni nayo hubadilika. Ipime pale ambapo ekseli, pivoti ya mkono na gia ya mbele viko kwenye mstari mmoja, maana hapo ndipo inapobana kuliko kote. Tazama pia bomba la breki lisivutwe, na upange upya taa ya mbele.

Endesha kilomita 100, kagua kila bolti uliyoigusa, kisha pima mshuko upya. Springi mpya hukaa kidogo, na mara nyingi ringi huhitaji kukazwa tena kwa robo au nusu mzunguko.