Kabla hujatundika kamba za chaza, jua kwanza maji yanatoka wapi

Siku hizi vikundi vingi vya pwani vinataka kufuga chaza, pesa inachangwa, kamba na maboya vinanunuliwa, alafu ndo mtu anakumbuka kuuliza hivi haya maji yana nini. Jamani hilo ndo la kwanza.

Chaza hachagui. Anachuja maji kutwa kucha, mkubwa anaweza kupitisha hata lita 150 kwa siku, sasa metali za sumu kama risasi au kadimiamu zikiwemo kidogo tu majini yeye anaziweka mwilini mwezi baada ya mwezi. Kwahiyo maji kuwa meupe hakukuambii kitu. Maji yakipwa tembea na miguu ufuate mifereji inayoingia horini: kuna gereji? wanaochoma waya kutoa shaba? wanaopasua betri? jaa la taka kama lile la zamani la Kibarani pale Makupa, Mombasa? Ukikuta kwenye mizizi ya mikoko utando wa oili unang'aa rangi rangi, mi nakwambia hamisha hesabu zako mapema.

Taiwan mwaka 1986 chaza waligeuka kijani karibu na mdomo wa mto Er-ren, kumbe huko juu watu wanachambua skrepa na shaba inashuka na maji. Na hao walikuwa na bahati, kijani unakiona, kadimiamu haina rangi.

Boti nazo uziangalie. Arcachon, Ufaransa, miaka ya 70, rangi ya kuzuia viumbe kuganda chini ya boti ilikuwa na sumu ya bati, mbegu za chaza zikapotea na waliobaki wakaota magamba manene ajabu, ndani nyama kiduchu, mpaka 1982 serikali ikaipiga marufuku kwa boti ndogo. Kwahiyo pale mashua zinapokwanguliwa na kupakwa rangi kaa mbali napo.

Alafu tundika kamba chache za majaribio. Chaza mchanga ndo anaumia kwanza, shaba kidogo inamuua kabla hajashika pahala, ila usikimbilie kulaumu metali, masika maji ya mvua yakijaa, chumvi ikashuka, nao wanakufa vilevile.

Kwenye kupima, pelekeni maabara nyama ya chaza wanaoota hapohapo, maji peke yake yanabadilika kila bamvua. Mara mbili, kiangazi na baada ya masika. Ulaya wanakubali kadimiamu miligramu 1 na risasi 1.5 kwa kilo ya nyama mbichi, hapo pa kulinganisha unapo.

Na yule wa "si mtachemsha tu", mwambieni moto unaua vijidudu, risasi inabaki palepale kwenye nyama. Hata ukiwaweka maji safi siku mbili utatoa vijidudu, metali inataka wiki hadi miezi, na mteja wa Ijumaa hakusubiri.