Kwapa linawasha? Soma nyuma ya kopo

Ndugu zangu mnaoshinda juani Mwaloni Kirumba hapa Mwanza au mnaobanana kwenye daladala za Buhongwa, kama deodoranti inawawasha kwapa, geuzeni kopo msome viungo. Tafuteni maneno "zinc ricinoleate". Ni zinki iliyounganishwa na asidi ya mafuta ya nyonyo, na ni mpole kwa ngozi za wengi.

Haizibi vitundu vya jasho. Jasho likitoka halina harufu kubwa. Bakteria wa ngozini wakilivunjavunja ndipo kikwapa kinapozuka. Zinki hii inazinasa chembe za harufu zisiruke hewani. Kwa hiyo shati litalowa kama kawaida, hasa siku zile ziwa linaleta joto la unyevu. Anayetaka kwapa kavu atafute kitu kingine.

Paka asubuhi, kwapa likiwa limeoshwa na kukauka kabisa. Mafuta ya nyonyo matupu hayafanyi kazi hiyo ya kunasa harufu, msidanganywe. Na ukikuta "sodium bicarbonate", yaani baking soda, kwenye kopo lako la sasa, huenda hiyo ndiyo inayokuwasha. Kopo jipya lijaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri mpaka kesho yake.