SOMO: Kabla hujashusha giaboksi kisa sili inavuja, tikisa kwanza valvu ya PCV

Wakuu habari. Jirani yangu hapa Makorora ana Corolla ya injini ya 5A, kabadilisha sili ya nyuma ya krenki mara mbili, zote giaboksi imeshushwa, na bado akitoa gari asubuhi anaacha doa la oili kama sahani. Yaani sili zikawa waja leo waondoka leo. Nikaichomoa valvu ya PCV (inayopitisha moshi wa ndani ya injini) nikaitikisa, kimya kama jiwe, kumbe imeziba.

Iko hivi, injini yoyote hata mpya kuna moshi unapenya kwenye ringi za pistoni unashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini), una petroli na mvuke wa maji. Kabla ya miaka ya 1960 magari mengi yalikuwa na bomba tu la kuutoa chini barabarani, baadae ndo ikaja hii valvu ili manifodi (bomba la kuingiza hewa kwenye injini) iunyonye ukaungue tena. Ikiziba presha inatafuta pa kutokea, kwenye sili, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), hata dipstiki inanyanyuka.

Na sisi wa mjini Tanga safari zetu fupi, Ngamiani mpaka Raskazone injini haijashika moto ushazima, maji yanabaki ndani, ukifungua kifuniko cha oili unakuta kitu cheupe kama tui. (Kama na maji ya rejeta yanapungua, hilo jingine, kaangalie gasketi ya silinda hedi.)

1. Injini ipoe. Fuata mpira unaotoka juu ya tapeti kava kwenda manifodi, valvu iko mwisho wa upande wa tapeti kava imechomekwa kwenye raba. Bana klipu kwa plaizi, zungusha mpira kwanza ndo uvute, mipira ya miaka 25 inakatika kama biskuti.

2. Hapa ndo watu wanaharibu. Raba ikizeeka inakuwa ngumu kama plastiki, ukiing'oa valvu kwa papara inapasuka na vipande vinadondokea ndani. Futa uchafu pembeni, zungusha huku unavuta taratibu. Kipande kikidondoka USIWASHE, fungua tapeti kava ukitoe.

3. Tikisa, nzima inalia cha cha cha. Halafu chomeka kampira kasafi upulize: upande wa injini hewa inapita kirahisi, upande wa manifodi kwa shida. Ikipita sawa kote imekwama wazi, hiyo itakula oili.

4. Loweka kwenye petroli au puliza kabureta klina mpaka kinachotoka kiwe kisafi. Bado hailii? Nunua mpya na raba yake, ya injini yako, usiweke ya gari nyingine kisa imeingia, springi hazifanani.

5. Mipira osha kwa sabuni, kausha, ikunje uangalie nyufa. Na ule wa pili unaoenda kwenye bomba la ea klina msiusahau, ndo unaingiza hewa safi.

6. Rudisha, washa, gari ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) chomoa valvu na mpira wake uzibe kwa kidole. Inanyonya kidole? Safi. Mwaga oili chafu uweke mpya.

Ya jirani wiki ya tatu sasa, doa limebaki la kikombe cha kahawa, gasketi ya tapeti kava nayo ilikuwa imechoka.

MASWALI

Mkuu, mimi nina Hiace ya dizeli ya zamani, naikuta wapi?
— Dizeli nyingi za zamani hazina hii ya kutikisa kaka, zina mpira tu unaoenda kwenye njia ya hewa. Safisha huo, na ukikuta umejaa oili nyingi ujue ringi zinaanza kuaga.

Fundi wangu kaniambia niuzibe tu huo mpira na bolti, shida iishe.
— Iishe wapi? Ukiziba ndo unatengeneza ugonjwa wenyewe. Muulize presha itatokea wapi.

Nimefuata yote, sasa silensa imepanda na inalia fyuuu.
— Inavuta hewa ya wizi. Mpira umepasuka kwa chini usipoona au raba imelegea. Nyunyiza maji ya sabuni hapo, mlio ukibadilika umepapata.

Mimi nikifungua kifuniko cha oili moshi unapiga kama treni, na nyuma inatoa wa bluu. Valvu mpya.
— Pole shehe. Kapime kompresheni (mgandamizo wa silinda), hapo valvu haina kosa.