Kufuga maji moto kwenye mlimao wa ndooni

Wengi wanaokuja kuniuliza habari za kufuga maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani, wanakuja na picha ya sanduku la kioo, kama lile la samaki, lenye udongo na vishimo. Achana nalo. Maji moto hachimbi. Anaishi juu ya mti, na nyumba yake ni majani mabichi yaliyovutwa pamoja na kushonwa kwa hariri. Majani yakikauka anahama. Mimi nauza miche huku Mikanjuni, Tanga, na maji moto wangu wanakaa kwenye milimao iliyopandwa ndani ya ndoo za lita 20, nje ya kibanda, bila kifuniko chochote. Kinachowaweka pale ni maji yaliyo chini ya ndoo na malkia aliye juu ya mti.

Kuna wanaotaka siafu. Siafu hafugiki nyumbani: kundi lake ni kubwa mno, linahamahama, na windo lake la siku moja huwezi kulitafuta wewe. Wale weusi wanaotoka kwa mstari kuvamia mchwa nao wanakula mchwa tu, kwa hiyo ukiwafuga hao inabidi ufuge na mchwa. Maji moto anakula karibu kila chenye damu au utamu. Kitaalamu ni Oecophylla longinoda. Duniani wako aina mbili tu walio hai, huyu wetu wa Afrika na ndugu yake wa Asia na Australia, Oecophylla smaragdina.

Kazi ngumu ni kupata malkia. Kundi moja la maji moto linaweza kuwa na viota vingi kwenye miti kadhaa, na malkia ni mmoja, kwenye kiota kimoja. Kijana anakata kiota cha chini kabisa, kile anachokifikia kwa mkono, anakipeleka nyumbani, anafurahi miezi michache, halafu anashangaa wanaisha. Wafanyakazi wasio na malkia wanaweza kutaga, ila mayai yao hutoa madume tu, na dume hafanyi kazi yoyote.

Kwa hiyo anza na malkia mchanga. Masika yakishashika, wenye mbawa hutoka kuruka. Malkia akishapandwa hutua, huzikata mbawa zake mwenyewe, halafu hutafuta jani lililojikunja ajifiche atage. Wewe mtengenezee hilo jani. Chukua jani la mwembe au mlimao likiwa bado mtini, likunje liwe bomba, lizungushie rababendi katikati, basi. Yafunge mengi, na uyafunge kwenye miti ambayo haina maji moto, kwa sababu wenye mti wao wakimkuta malkia mgeni wanamuua. Asubuhi pitia ukichungulia kila bomba. Utamtambua mara moja, ni mnene kuliko mfanyakazi yeyote uliyewahi kumwona, na amejibana ndani hatoki. Kata jani pamoja na kikonyo, usimtoe.

Jani hilo liweke kwenye kopo la plastiki lenye mdomo mpana, funika kwa kipande cha neti ya mbu, tia pamba yenye unyevu pembeni, kisha weka kopo kivulini mahali pasipotikisika. Usimpe chakula. Malkia anayeanza kundi hali kitu mpaka watoto wake wa kwanza watoke; anawalisha kwa akiba ya mwilini mwake, na misuli ya mbawa ambayo haitumii tena ni sehemu ya akiba hiyo. Anachohitaji ni unyevu na kuachwa. Ukimfunulia kila saa kumwangalia, atakula mayai yake. Kwa joto letu la Tanga, wafanyakazi wa kwanza hutoka baada ya kama mwezi mmoja, nao ni vidogo, vya kuhurumia.

Hapo kwenye uchache ndipo makundi mengi hufa, na hapo ndipo pana ujanja ambao hata watafiti wanautumia: mwongezee malkia pupa wa kundi lingine, yaani watoto waliopita hatua ya buu ila bado hawajawa sisimizi kamili. Kata kiota cha mwembeni, kikung'utie kwenye beseni lililopakwa poda kwenye kingo, na uwaokote pupa kwa brashi laini ya rangi. Pupa wa maji moto hawana kifuko cha hariri, ni weupe na miguu yao inaonekana imekunjwa kifuani, huwezi kuwakosa. Wakubwa wa kundi hilo usiwachukue hata mmoja, watamrarua malkia wako. Lakini pupa hajui ni wa nani. Atakayeamka mbele ya malkia huyu atamfanyia kazi huyu.

Sasa mti. Mlimao, mchungwa, mpera, mstafeli au mwembe mdogo wote wanafaa, bora jani liwe pana na likubali kupinda. Unguja wanaipenda sana mikarafuu. Mvinje usijisumbue nao, wataushonaje? Mche uwe umefika kiunoni na una matawi yanayokaribiana. Weka tofali katikati ya beseni kubwa, juu ya tofali weka ndoo ya mche, halafu jaza maji kwenye beseni na udondoshee sabuni ya kuoshea vyombo. Bila sabuni wanaelea juu ya maji, wanashikana, na wenzao wanapita juu yao kama daraja. Ukiwa na sabuni wanazama, na wakishaona hivyo hawarudii sana. Maji yabadilishwe kila wiki, la sivyo unafuga na mbu, na Tanga hatuna upungufu wa mbu. Beseni hilo hilo ndilo linalozuia adui wao mkubwa, sisimizi wadogo wa kahawia ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa mno kwa miili yao, Pheidole megacephala. Hao wakipanda mtini usiku, asubuhi huna kundi.

Poda ya watoto iliyokorogwa na spiriti, ikipakwa kwenye ukingo wa chombo na kuachwa ikauke, inateleza na maji moto hawawezi kuipanda. Ndani ya nyumba ni nzuri. Nje kwetu, na unyevu huu wa pwani, inalegea upesi, kwa hiyo usiitegemee kulinda mti.

Lakini beseni ni bure kama tawi linagusa kitu. Ukuta, waya, kamba ya nguo, jani la mgomba wa jirani linalopepea kusi ikivuma. Jirani yangu aliniambia, "Shoga, hao wadudu wako wakiingia kwangu nawachoma moto." Nikamwambia, "Kamba yako ya nguo imelala kwenye mlimao wangu, dada, barabara umewachongea mwenyewe." Tulihamisha kamba, maneno yakaisha. Pogoa kila mara, acha nafasi ya mkono mzima pande zote, kwa sababu pengo dogo wanaliziba kwa miili yao: mmoja anamshika mwenzake kiunoni, yule anamshika mwingine, mnyororo unaning'inia mpaka upepo uwafikishe ng'ambo.

Mnyororo huo huo ndio wanaoutumia kuvutia majani, na kwangu hii ndiyo sababu ya kufuga. Wakati wa magharibi chukua tochi, kaa kimya karibu na mti. Utaona safu ya wafanyakazi wameng'ang'ania kingo mbili za majani, miguu imekaza, hawatikisiki. Halafu anakuja mmoja kutoka ndani amebeba buu mdomoni. Hambebi ovyo, amemshika katikati kwa ulaini kabisa. Anagusa ukingo wa jani kwa papasi zake, anakigusisha kichwa cha buu hapo, buu linatoa uzi, anavuka upande wa pili, anakigusisha tena. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ni sindano ya fundi cherehani, tofauti ni kwamba sindano hii ni mtoto. Mabuu hao hariri yao yote huiacha kwenye nyumba, wenyewe hawajifungii kifuko, na ndiyo maana pupa wako wazi.

Chakula ni cha aina mbili. Utamu: kijiko kimoja cha sukari kwa vijiko vitatu vya maji, uloweke pamba, uiweke kwenye kizibo cha soda juu ya tawi. Weka kizibo kingine cha maji matupu. Nyama: matumbo ya samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea, ambayo wauzaji wanakupa bure wakikuzoea, au panzi, senene, nzi, mende. Mende wa nyumba iliyopuliziwa dawa usimguse, utaua kundi zima kwa mdudu mmoja. Dagaa wa chumvi hapana. Ukimpa panzi mzima, angalia wanavyomfanya: kila mguu unashikwa na watu wake, wanavuta kila mmoja upande wake mpaka panzi ametandazwa kama ngozi ya ngoma, halafu ndipo wanamkata. Mabaki yaondoe kesho yake yasivute nzi. Kundi lenye njaa ndilo linalotafuta kuhama, lililoshiba hukaa. Vidukari na wadudu magamba wakitokea kwenye mlimao usiwaue wote, maji moto wanawalinda na kuwakamua utamu, ila wakizidi mti unadhoofika, hivyo punguza kwa kukata vichipukizi.

Wanauma, ndiyo. Hawana mwiba, wanauma kwa meno halafu wanapinda tumbo na kurushia asidi kwenye kidonda. Kabla ya kupogoa jipake majivu makavu mikononi hadi kwenye viwiko, wanateleza. Kope na masikio ndiyo ya kulinda hasa. Watoto waambie wasitikise ndoo, na mmoja akitikisa hutahitaji kumwambia tena.

Mgeni akija kutaka kununua malkia wa kupeleka kwao, mkatalie. Mwaka 2025 mahakama Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja kwa biashara ya namna hiyo, nao walikamatwa na malkia wa aina nyingine kabisa, wale wa kukusanya mbegu.

Mimi kundi likizidi mti nalipeleka shambani. Minazi ina mdudu anayefyonza vidaka vikapukutika, Pseudotheraptus wayi, aliyepewa jina la Michael Way, mtafiti aliyekuwa Zanzibar miaka ya 1950 akichunguza mdudu huyo na maji moto wanaomla. Kwenye korosho pia wanawinda wafyonzaji. Kusini mwa China walikuwa wakinunua viota sokoni kulinda michungwa, na habari hiyo imeandikwa tangu mwaka 304, kwa hiyo mkulima wa Muheza anayenicheka amechelewa kidogo.

Namna ya kuhamisha: jioni, wengi wakiwa wamerudi viotani, kata kila kiota na tawi lake, vyote vya kundi moja tu, uvitie kwenye kiroba na kufunga mdomo kwa kamba mara mbili. Usichanganye makundi mawili, watauana njiani. Usiache kiota hata kimoja, maana hujui malkia yuko wapi. Kiroba kikae kivulini, kisibanwe na mizigo, na usiku huo huo au alfajiri ukining'inize mtini, uufungue mdomo, uondoke. Kwenye daladala kaa nacho miguuni mwako mwenyewe, na konda akiuliza, mwambie ni miche.