Kuchagua tahasusi ya sayansi kwa kuanzia kozi ya chuo kikuu

Mwanafunzi wa kidato cha nne anapoulizwa atasoma tahasusi gani, yaani mchepuo wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita, mara nyingi hutaja ile yenye masomo anayoyafaulu vizuri. Kufaulu ni jambo la pili. La kwanza ni kozi anayoitaka chuo kikuu, kwa kuwa sifa za kujiunga na kozi ndizo zinazoamua masomo matatu yatakayomfaa. Kabla ya kujaza Selform, yaani fomu ya kuchagua tahasusi na shule, tafuta mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, andika kozi tatu unazozitamani, kisha mbele ya kila moja andika masomo ambayo mwongozo unayataja.

Utaona upesi kwamba PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu) na PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), ingawa zinatofautiana kwa somo moja tu, huelekea pande mbili. Anayechukua PCM hana Baiolojia, hivyo udaktari umemtoka. Anayechukua PCB hana Hisabati ya Juu, ambayo pamoja na Fizikia hudaiwa na kozi nyingi za uhandisi. Wapo pia wanaochagua CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) kwa kuikimbia Fizikia huku bado wakitamani kuwa madaktari, na hao wanapaswa kuambiwa ukweli mapema, kwa upole lakini bila kufichwa.

Suala la alama linataka umakini zaidi. Katika kidato cha sita A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S nusu pointi; A hadi E pekee ndizo prinsipo, yaani ufaulu kamili wa somo. Kwa kawaida kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. Mchukue mwanafunzi wa PCB aliyepata D ya Kemia, D ya Baiolojia na S ya Fizikia: pointi 4 anazo, na zipo kozi zitakazompokea, lakini udaktari hautampokea, kwa sababu unadai prinsipo katika masomo yote matatu.

Wanafunzi wa sayansi wasiosoma Hisabati ya Juu husoma BAM (Basic Applied Mathematics), somo la ziada la hisabati, na kwa kuwa alama yake haiingii katika kukokotoa daraja, wengi huiweka kando hadi wiki za mwisho. Nawasihi sana wasifanye hivyo, kwani baadhi ya kozi humtaka asiye na prinsipo ya hisabati awe amefaulu BAM, au awe na alama nzuri ya Hisabati ya kidato cha nne.

Mwaka 2024 idadi ya tahasusi ilipanda hadi 65. Ukivutiwa na mojawapo ya zile mpya, hakikisha kwanza kwamba kozi uliyoiandika inayapokea masomo yake. Uliza pia kuhusu maabara na walimu wa shule unayoiorodhesha, maana Fizikia, Kemia na Baiolojia zina mtihani wa vitendo. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka na nafasi ya kubadilisha tahasusi ikifunguliwa, irudie ile karatasi yako ya kozi tatu, ukiwa sasa na alama halisi mkononi.