Kumpima mrushaji wa akiba kwa homurani alizopigwa

Huku kwetu Wete, mechi ya jioni ya besiboli ya New York huanza saa nane usiku, na mrushaji wa mwisho, yule wa akiba anayewapokea wenzake kumalizia mechi, huingia watu wakikaribia kuamka kwa sala ya alfajiri. Mtu aliyekesha hivyo ana haki ya kujua kama huyu anayeingia ni wa kutegemewa, au ni wa kuachia mpira uvuke ukuta na usiku mzima uende bure. Mie namtazama kwa kipimo kimoja: homurani, yaani mipira iliyopigwa ikavuka ukuta, alizopigwa kwa kila iningi tisa (iningi ni zamu ya mchezo, na mechi nzima ni tisa), tangu aanze mpaka alipofika. Kalamu na kalkuleta ya simu vinatosha.

Kwenye rekodi zake chukua namba mbili: homurani alizopigwa na iningi alizorusha. Tumtumie Mariano Rivera, Mpanama aliyeichezea New York Yankees tangu 1995 hadi 2013. Homurani 71, iningi 1,283.2.

Hapo penye nukta ndipo pa kuangalia. Ile 2 si sehemu ya kumi. Iningi moja ni wapigaji watatu kutolewa, kwa hiyo 1,283.2 ni iningi 1,283 kamili na wapigaji wawili juu yake. Aliyewahi kushika daftari la wachumaji karafuu hapati tabu hapa: mchumaji akileta pishi tatu na vibaba viwili, huandiki 3.2 ukajumlisha, kwa sababu pishi ina vibaba vinne na hapo ushamdhulumu mtu jasho lake.

Basi zivunje iningi zote ziwe wapigaji waliotolewa. 1,283 mara 3, ongeza 2, unapata 3,851. Iningi tisa ni wapigaji 27. Sasa zidisha 71 kwa 27, ni 1,917; gawa kwa 3,851. Jawabu ni 0.498, andika 0.50.

"Mjomba, nusu homurani inapigwaje?" mpwa wangu aliniuliza. Haipigwi. Maana yake ni homurani moja katika kila iningi kumi na nane, urefu wa mechi mbili nzima. Na kwa kuwa wa akiba hurusha kama iningi moja tu akiingia, tazama na mechi: Rivera aliingia katika mechi 1,115. Kwa wastani alipigwa homurani moja kila mechi kumi na tano au kumi na sita. Kijana akanyamaza.

Namba peke yake haisemi kitu mpaka uiweke karibu na nyengine. Trevor Hoffman, naye mkubwa wa kazi hiyo hiyo, alipigwa 100 katika iningi 1,089.1. Wapigaji 3,268; hesabu ile ile inakupa 0.83. Wote wawili wamo katika jumba la heshima la besiboli, lakini mpira ukiwa mkononi mwa Rivera ningethubutu kwenda kuchemsha chai.

Usichukue viwango vya kila mwaka ukavitafutia wastani. Mrushaji wa akiba ana iningi chache, na mwaka wa majeraha unaweza kumharibia sura yote. Tuseme mwaka mmoja karusha iningi 60 akapigwa 2: kiwango 0.30. Wa pili iningi 10 akapigwa 3: 2.70. Wastani wa hivyo viwili ni 1.50, namba ya kumfukuzisha mtu kazi. Jumlisha kwanza, homurani 5 katika iningi 70, na ukweli ni 0.64.

Akiwa kahamishwa timu katikati ya msimu, jadweli huweka mstari wa kila timu na mstari wa jumla ya mwaka. Chukua wa jumla tu. Kama kachezea Denver, mvumilie kidogo: mji uko kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unakwenda mbali zaidi.

Mechi za mtoano baada ya msimu ziwekee ukurasa wake, maana hazimo katika zile jumla. Za Rivera ni iningi 141 na homurani mbili tu, ya Sandy Alomar Jr. mwaka 1997 na ya Jay Payton mwaka 2000. Wapigaji 423; 2 mara 27 ni 54, gawa kwa 423, ni 0.13.