Maji kubaki angavu si sababu ya kuongeza dawa

Kila msimu wa kunyunyizia dawa ya wadudu tunakuta majani yaliyoungua, na tukiuliza kipimo, jibu ni lile lile: "Maji hayakuwa meupe, nikaongeza kifuniko kimoja." Hasara inaingilia hapo.

Weupe haupimi nguvu ya dawa. Dawa yenye herufi EC kwenye lebo ni mafuta yaliyotiwa safaktanti, yaani kemikali za jamii ya sabuni. Ikiingia majini inavunjika kuwa matone makubwa yanayotawanya mwanga, ndiyo maana maji yanageuka kama maziwa. Yenye herufi ME ni mikroemulsheni: matone yake ya mafuta kwa kawaida ni nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 10 hadi 100 tu, madogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, kwa hiyo maji hubaki angavu. Dawa imo humo humo, huioni tu.

Lebo ikisema mililita 1 kwa lita ya maji, bomba la lita 16 linachukua mililita 16, la lita 20 linachukua 20. Basi! Pima kwa sirinji au kikombe chenye alama. Vifuniko havilingani, na tumelisema hili mpaka tumechoka. Wala usihamishie kipimo cha EC kwenye ME, hata kama kiuadudu, yaani kiini kinachoua wadudu, ni kile kile, maana gramu zake katika kila lita ya dawa huweza kutofautiana. Tia maji nusu bomba, mimina dawa, koroga, kisha jaza. EC hutengana ikitulia, itikise mara kwa mara. ME haitengani, lakini hiyo si ruhusa ya kuilaza ndani ya bomba.

Wengine huongeza sabuni. Molekuli za safaktanti hupanga kwanza kwenye uso wa maji na kulegeza mvutano wake, ndipo tone linatandaa juu ya jani. Uso ukijaa, zinazozidi hujikusanya majini, mikia yao isiyopenda maji ndani, vichwa vinavyopenda maji nje. Hizo ndizo miseli. Hazina mafuta ndani, hivyo ni ndogo kuliko matone ya mikroemulsheni. Kuanzia hapo sabuni unayoongeza inazalisha miseli tu. Mvutano haushuki tena, ila nta ya jani inaharibika na dawa inachuruzika ardhini.

Jani likiloa sawasawa bila kudondosha, inatosha.

Chupa ya ME iliyoachwa juani huweza kuingia ukungu. Iweke kivulini, ikipoa na ukungu usiondoke, usiinyunyize.